Ukoka Usiokanyagwa

Mtaani mtu hachagui jina lake. Hupachikwa, na likishamkaa haling'oki hata ulisugue kwa msasa. Mama huyu alipachikwa Mama Zulia mwaka aliopanda ukoka uani kwake, na aliyempachika ni jirani yake mpishi, siku alipochungulia kwenye mwanya wa michongoma akamwona mwenzake amepiga magoti, mkasi wa kushonea mkononi, anapunguza nyasi za pembeni mwa kibaraza jani moja moja.

“Mwenzangu,” mpishi akasema, “hilo zulia ukimaliza kulinyoa, utalipaka na poda?”

Kibarazani palikuwa na watu, maana enzi hizo kibaraza kile hakikukosa watu, na wote walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Mama Zulia mwenyewe alicheka. Mambo yalikuwa bado mazuri.

Ukitaka kujua ukoka ule ulianzaje, usianzie kwenye udongo. Anzia kwenye pindo la gauni. Miaka ishirini na saba nyuma, Mama Zulia aliolewa na fundi saa, kijana mpole asiye na kitu zaidi ya meza, bisibisi ndogo kama sindano na kile kioo cha kubana jichoni. Sherehe waliifanyia kwenye uwanja wa kuazima, udongo mwekundu mtupu. Watu walicheza, na walicheza haswa, vumbi likatimka, na jua lilipopinda gauni la bi harusi lilikuwa jekundu kuanzia chini hadi magotini. Ndipo wifi yake, dada mkubwa wa fundi saa, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, akalishika lile pindo kwa vidole viwili, akaliinua watu wote walione, akasema:

“Kumbe kaka yangu kaoa fagio!”

Neno kama hilo halifi. Kila ukoo ulipokutana, kwenye msiba au kwenye kipaimara cha mtoto wa mtu, wifi alilitoa kabatini, akalipangusa, akaliweka mezani. “Mnaikumbuka harusi ya vumbi?” Watu wakacheka upya. Mama Zulia naye akacheka, maana asiyecheka ndiye huchekwa mara mbili. Lakini moyoni alikuwa analihesabu kila cheko.

Basi binti yake wa pekee, muuguzi wa hospitali, alipomleta nyumbani mchumba, dereva wa gari la wagonjwa, kijana mwenye adabu na masikio makubwa, mama hakuuliza ukoo wala mshahara. Aliuliza kitu kimoja: sherehe itafanyika wapi?

“Popote, Mama,” binti akasema.

“Si popote. Hapa. Uani kwangu. Na gauni lako litatoka hapa jeupe kama lilivyoingia. Nikiliona hilo, hata nikifa kesho yake, nifukieni nacheka.”

Akaingia kazini. Ua wenyewe ulikuwa mgumu kama sakafu, maana ulikandamizwa na miguu ya watu kwa miaka kumi na tisa. Aliuchimbua kwa jembe kina cha shubiri moja, fundi saa akifuata nyuma anavunja madongoa kwa nyundo. Samadi alichagua iliyokaa mwaka mzima, akaichekecha kwa wavu wa dirisha, kwa sababu samadi mbichi hukuletea magugu ya malisho yote ng'ombe aliyopitia. Vipando alivitoa pembeni mwa uwanja wa mpira, akavipanda kimoja kimoja, shubiri hadi shubiri, akiukanyagia udongo kwa kisigino. Alimwagilia alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Ndago hakuzing'oa kwa mkono. Alizichimba kwa msumari mrefu mpaka kwenye kokwa, kwa maana ndago ukiivuta tu inakatika, halafu inarudi na ndugu zake. Na alipoanza kukata, hakukata zaidi ya theluthi ya urefu wa jani. Wembe wa mashine ya kusukuma aliunoa fundi saa mwenyewe, kwa subira ileile ya meno ya saa, maana wembe butu hauukati ukoka, unauchana, na ncha zinageuka nyeupe.

Miezi sita, na ua ukawa kijani kibichi kuanzia kibarazani hadi kwenye michongoma. Wote, isipokuwa mlia mmoja.

Mlia ule ulikuwa mwembamba kama mkanda, ukitokea kwenye mwanya wa michongoma, ukikata ua mshazari hadi mlango wa jikoni. Ni njia ya mpishi. Kwa miaka kumi na tisa mpishi alipita pale, asubuhi akienda kwenye jiko la shule anakopikia wanafunzi mia nne, jioni akirudi na habari za mtaa mzima zikiwa moto kuliko uji wake. Alipita na mwiko, akapita na mtoto mgongoni, akapita analia siku mume wake alipoondoka, akapita anacheka mwaka uliofuata. Mama Zulia alipanda ukoka kwenye mlia ule mara tatu. Mara tatu ulikufa.

“Mwenzangu,” alisema siku moja, seng'enge mkononi, “naufunga huu mwanya. Kwa muda tu. Mpaka nyasi zishike.”

Mpishi aliangalia seng'enge, akamwangalia yeye. “Na mimi nizunguke barabara nzima na sufuria ya moto?”

“Miezi miwili tu. Kwa ajili ya mtoto wetu.”

“Ah, kwa ajili ya mtoto wetu nitapita hata juu ya paa,” mpishi akasema, akacheka kile kicheko chake cha kuamsha waliolala. “Lakini usisahau nani atapika siku hiyo. Sufuria zangu, mabenchi yangu, wanawake wangu kumi na wawili. Na kucheza tutacheza mpaka hilo zulia liombe msamaha.”

Mama Zulia alicheka, lakini neno “kucheza” lilimpita shingoni kama mwiba wa samaki.

Mlia ukaota. Mpishi akazunguka barabarani, kwanza kila siku, halafu siku mojamoja, halafu pale penye habari nzito tu. Wengine nao wakapungua. Si kwamba walifukuzwa. Ni kile kibao kidogo cha USIKANYAGE alichokichomeka karibu na kibaraza, ni ile tabia yake ya kukatisha hadithi ya mtu katikati, na mtu ndiyo kwanza anafika penye utamu, kumwambia, “Kiatu chako, jirani, kisogeze kidogo.” Mgeni anakaa na miguu juu kama kuku kwenye matope, atarudi kufanya nini? Fundi saa alianza kusikia saa zake zote zikigonga kwa pamoja, kitu ambacho hakuwahi kukisikia nyumbani kwake.

Zikabaki wiki tatu kabla ya harusi. Wakwe wakatuma salamu: Jumamosi wanakuja kuuona uwanja. Na wifi atafuatana nao, asipitwe.

Mama Zulia akautazama ukoka wake, akauona una rangi ya kuchoka. Huenda haukuwa nayo. Mtu anayengoja kuaibika huona madoa hata kwenye maziwa. Akaenda kwa muuza pembejeo, akapewa mfuko wa mbolea ya chumvichumvi, nyeupe kama sukari.

“Mama, sikiliza,” muuza pembejeo akamwambia. “Hii tupa kwa mkono mwepesi, jioni, kisha mwagilia papo hapo mpaka ilowe chini. Ikilala juu ya jani na jua likaikuta, inaunguza.”

Fundi saa, aliyekuwa amebeba mfuko, alirudia njiani: “Jioni. Na maji papo hapo.”

“Nimesikia, baba. Mimi si mtoto.”

Lakini Jumanne hiyo jioni ilikuwa ya fundi cherehani na vipimo vya gauni, Jumatano ya mapazia, na Jumamosi haingoji mtu. Akatoka saa saba mchana, jua la utosi, akaanza kutupa. Konzi, hatua; konzi, hatua. Alikuwa amebakiza kona ya karibu na tangi bovu la maji simu ilipolia. Binti yake: fundi cherehani anasafiri kesho, njoo sasa hivi. Mama akaangusha mfuko, akafungua bomba amwagilie haraka. Bomba likakoroma, likatema hewa. Maji yamekatika. Akasema moyoni, nikirudi. Aliporudi yalikuwa bado hayajatoka. Yalitoka kesho yake mchana, akamwagilia vizuri sana, kwa saa mbili nzima, na moyo ukamtulia kama wa mtu aliyelipa nauli baada ya gari kuondoka.

Alhamisi akiwa dirishani aliona, ng'ambo ya michongoma, mpishi akimwaga beseni la maji ya kufulia kwenye mashina yake, kama alivyofanya miaka kumi na tisa. Akaliona, likampita.

Ijumaa asubuhi alifungua mlango wa jikoni. Ua ulikuwa na mabaka ya kahawia, makubwa, mistari kwa mistari, kama shuka iliyosahauliwa chini ya pasi.

Jamani, kuna mtu akipatwa na pigo huuliza “nini?” na kuna anayeuliza “nani?” Mama Zulia hakusimama hata kuvaa kiatu cha pili. Alifika kwenye seng'enge, akaita kwa sauti iliyomtoa kinyozi nje ya kibanda chake mtaa wa pili.

“Toka! Toka unieleze umenimwagia nini!”

Mpishi akatoka, kanga kiunoni, mwiko mkononi. “Kuna nini, mwenzangu? Nani kafa?”

“Umeniunguzia nyasi! Nimekuona jana na beseni lako!”

“Beseni?” Mpishi akatazama juu ya michongoma, akayaona mabaka, akashika mdomo. “Masikini! Limekuwaje tena zulia?”

“Usiniite zulia! Tangu nimefunga njia yako umenuna. Wivu! Binti yangu anaolewa, wako watatu wamekukalia ndani kama magunia!”

Watu waliokuwa wamejaa barabarani wakaguna. Hapo palikuwa pa kurudi nyuma, na kila mtu alimwona Mama Zulia akipaona, kisha akipapita.

“Hata mumeo hakukukimbia bure.”

Mpishi, ambaye mtaa mzima haujawahi kumwona akikosa jibu, ambaye aliwahi kumjibu askari, mkaguzi wa afya na mchungaji kwa siku moja, hakujibu. Aliuangalia ule mwiko mkononi mwake kana kwamba hajui ni wa kazi gani. Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, bila hata kuubamiza, na hapo ndipo watu walipoelewa kwamba jambo limeharibika.

Jumamosi wakwe walikuja. Watu waungwana, walisema jua siku hizi ni kali kila mahali. Wifi alizunguka ua mzima, mikono nyuma kama mkaguzi, kisha akamgeukia kaka yake.

“Zamani vumbi, leo majivu,” akasema. “Mmeendelea.”

Wakwe walipoondoka, Mama Zulia alichukua kisu cha jikoni, akapiga magoti, akaanza kukata mabaka na kuyang'oa, apandikize ukoka mzima aliouotesha nyuma ya choo. Wiki mbili na ushei zinatosha, ukishikamana na maji. Akakata baka la kwanza, la pili, la tano. Unapokuwa umepiga magoti unaona kitu ambacho ukisimama hukioni. Mabaka yalikuwa na umbo la kipepeo, jinsi chembe zinavyofunguka mtu akitupa kwa mkono wa kulia. Kati ya baka na baka palikuwa na hatua moja. Akainuka, akaweka mguu wake. Hatua yake. Akafuata mabaka, konzi, hatua, konzi, hatua, mpaka karibu na tangi, na pale yalikoma ghafla kama mtu aliyeitwa. Kutoka hapo hadi mpakani ukoka ulikuwa kijani, mzima, unametameta. Na kona ile ndiyo iliyopakana na michongoma. Ndipo lilipomwagika beseni.

Alikaa chini. Chini kabisa, juu ya ukoka, kitu alichokuwa hajakifanya tangu aupande.

“Hapo ndipo simu ilipolia,” fundi saa akasema kutoka mlangoni, kioo bado jichoni.

“Ulijua?”

“Tangu jana asubuhi.”

“Na hukusema kitu!”

“Saa ikianza kugonga huisemeshi. Unangoja imalize.” Akakitoa kioo jichoni. “Sasa imemaliza. Nenda kwa mwenzako.”

Alitazama seng'enge. Hatua ishirini na mbili toka mlango wa jikoni, alizijua hata gizani. Aliwaza kusema “nilikosea” mbele ya mlango ule; aliwaza barabara nzima ikisikia, ikimfikia kinyozi, ikimfikia wifi. Zulia kaunguza zulia lake mwenyewe. Hilo nalo lingeishi miaka ishirini na saba.

“Baada ya harusi,” akasema.

Fundi saa akarudi kwenye saa zake.

Wiki hiyohiyo binti alienda kwa mpishi, akazunguka barabarani na kadi ya mwaliko na zawadi ya vitenge viwili. Alirudi na vitenge vyake. Akasimama katikati ya sebule, na sare ya kazi bado mwilini.

“Amenikumbatia, amenibusu, amenitakia heri,” akasema. “Nikamwomba aje. Akaniambia, ‘Mwanangu, nikikanyaga pale, na nyasi zikikauka tena hata baada ya mwaka, itakuwa ni mimi.’ Na wale wanawake wake hawaji, Mama. Hawawezi kuja bila yeye.” Akaviweka vitenge mezani. “Niambie ukweli. Ni yeye?”

Fundi saa aliinama juu ya meza yake, akainama zaidi, mpaka paji likakaribia kugusa skrubu. Alikuwa anampa mkewe nafasi, nafasi pana kama mlango wa kanisa.

“Beseni nililiona kwa macho yangu,” mama akasema.

Na ni kweli, aliliona.

Ukoka ulishika. Siku ya harusi ulikuwa laini, umekatwa jana yake, unanuka ule utamu wa jani bichi, hata mpiga picha alijilaza kifudifudi apate rangi yake. Turubai jeupe, viti mia mbili vya kukodi vyenye shela, chakula cha kampuni kikiwa kwenye masanduku ya bati yenye vifuniko. Wakwe walijaza safu mbili. Wauguzi wenzake binti, safu moja na nusu. Wa mtaani alikuja kinyozi, maana ndiye aliyemnyoa bwana harusi, na muuza pembejeo, aliyekuwa hajui lolote, akasifu nyasi kwa sauti kubwa: “Si nilikuambia, mama? Jioni, na maji papo hapo!”

Ng'ambo ya michongoma palikuwa kimya. Mpishi alikuwa amefunga madirisha yote, akatoka na wanawe asubuhi mapema, asiwe mtu aliyekaa ndani huku jirani anaoza binti. Kuwakosesha watu neno la kusema, huo nao ni uungwana wa aina yake.

Muziki ulipigwa. Bwana harusi na bi harusi wakacheza wimbo mmoja, wauguzi wakajaribu wa pili, viatu mkononi, wakichungulia chini kama wanaovuka mto. Shangazi mmoja wa upande wa wakwe alipiga kigelegele. Hakikupata wa kukipokea, kikafia hewani, naye akaona haya akajifanya anakohoa. Kabla jua halijapinda, wakwe waliaga. Kwao kulikuwa na watu wanangoja, walisema, na ngoma imeshawambwa.

Mama Zulia alimsindikiza binti yake hadi kwenye gari. Aliinama mwenyewe kulikusanya gauni alipandishe ndani, na akalishika pindo kwa vidole viwili. Jeupe. Aliligeuza upande wa ndani. Jeupe. Hapakuwa na vumbi, hapakuwa hata na doa la kijani la mtu aliyezungushwa mpaka akaanguka.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake. Naye alilitazama pindo, muda mrefu.

“Haya, wifi yangu,” akasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza ulimi wake haukuwa na makali. “Umeshinda.” Kisha akapanda gari, kwa sababu na yeye alitaka kwenda kwenye ngoma.

Binti alitoa mkono dirishani. “Mama, ndiyo baada ya harusi sasa,” akasema. Mama akageuka kumtafuta fundi saa, maana neno lile alimwambia yeye peke yake. Alikuwa ameshaanza kukunja viti.

Kesho yake aliikata seng'enge kwa koleo, akauacha mwanya wazi. Akangoja. Wiki, mwezi. Mpishi akizunguka barabarani alisalimia, “Habari za asubuhi, mama,” kama anavyomsalimia mtu yeyote, na sauti yake haikuwa na kinyongo wala utani. Jina la Zulia hakulitaja tena. Ukoka ukatambaa, ukafika kwenye mwanya, ukapita upande wa pili, wala hakuna aliyeukata.

Siku hizi asubuhi, kabla ya kumwagilia, Mama Zulia hutoka mlango wa jikoni na kukata ua mshazari, pale ulipokuwa mlia. Hutembea kwa visigino, kwa nguvu, kama mtu anayepondaponda kitu. Hatua ishirini na mbili hadi kwenye michongoma. Pale husimama, hulitazama dirisha la jiko la mwenzake, hufungua mdomo. Kisha hurudi. Amefanya hivyo tangu masika yaliyofuata harusi, kila siku ya Mungu, mara kumi, mara kumi na tano, ili njia irudi.

Lakini ameutunza mno. Akifika mlangoni na kugeuka, majani aliyoyalaza huwa yameshainuka, moja moja, na ua umefunga nyuma yake kama maji.